Mgeni Anayejua Kiswahili: kisa cha mwanafunzi Mkenya na siku zake kumi na mbili za kwanza Moshi

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 23 Oktoba 2024, kijana mmoja aliingia ofisini kwangu akiwa na begi mgongoni na ndoo mkononi. Hakupiga hodi. Hakuamkia. Alisimama mbele ya meza akasema, "Mwalimu, mimi naenda nyumbani. Nataka mnirudishie karo yangu."

Naungama mapema, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki: kilichonijia kichwani kwanza hakikuwa shida yake. Nilijiuliza huyu mtoto amelelewa wapi. Mama mwenye nyumba aliyemwambia ahame usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amejiuliza hivyohivyo, na wapangaji wenzake, na dada wa genge la mboga, na muuza chai. Watu saba au wanane tulikutana na kijana huyu kwa nyakati tofauti, wote tukaishia kwenye malezi yake. Hakuna aliyefikiria kwamba huyu ni mgeni, na mgeni huwa anaelezwa mambo.

Nitamwita Jirani, kwa kuwa ndivyo tunavyopenda kuwaita watu wa nchi yake. Anatoka Eldoret, wakati ule alikuwa na miaka ishirini, na alikuja kusoma stashahada katika chuo cha afya ambako mimi ni mlezi wa wanafunzi. Ameniruhusu kuandika, kwa sharti nisitaje jina lake na nisiseme uongo kuhusu ndoo. Ndoo ilikuwa yake, aliinunua sokoni Mbuyuni kwa pesa yake, na hakuona sababu ya kumwachia mtu.

Kufika

Alishuka stendi Jumamosi tarehe 12 jioni, kwa basi lililopitia Namanga na Arusha. Anayeijua kalenda yetu ameshaona tatizo. Jumapili ofisi zimefungwa, na Jumatatu ile ilikuwa 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Alikuwa na siku mbili nzima mjini kabla ya kuonana na mtu yeyote wa chuo. Bweni lilikuwa limejaa, habari ambayo barua yetu ya kumpokea iliitaja kwa mstari mmoja, chini kabisa, baada ya orodha ya mashuka na koti jeupe.

Dalali akamtafutia chumba mtaani Majengo. Shilingi 60,000 kwa mwezi, bomba uani, choo cha pamoja. Kwa hesabu ya haraka, shilingi moja ya kwao ikiwa takriban ishirini za kwetu, ilikuwa kama elfu tatu ya Kenya, na Jirani aliona ni sawa. Kisha akaambiwa alipe miezi sita mbele, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Yeye alizoea mpangaji kulipa mwezi kwa mwezi na kuweka amana anayorudishiwa akihama. Huku tunalipa mbele, utaratibu ambao kila mpangaji anaulalamikia na kila mwenye nyumba alikuwa mpangaji zamani. Wakavutana mpaka ikawa miezi mitatu: 180,000 ya kodi na 60,000 ya dalali. Alipomaliza kununua godoro, ndoo, sufuria na jiko la umeme la koili, alibaki na 11,000.

Baba yake alimtumia pesa Jumapili ileile. Jirani aliiona ikiingia kwenye laini yake ya Safaricom, ila wakala wa Majengo hatoi pesa ya Safaricom. Kutuma kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda M-Pesa ya Vodacom ya hapa inawezekana, na imewezekana kwa miaka mingi, lakini lazima uwe na laini ya hapa, na laini ya hapa mgeni huisajili kwa pasipoti na alama za vidole. Jumatatu sikukuu. Jumanne alishinda kwenye foleni ya usajili chuoni. Laini aliipata Jumatano. Siku nne aliishi kwa ile 11,000, na ndiyo maana alinunua mahindi makavu na maharage, akaamua kupika githeri. Sisi tunaita makande. Kumbukeni hilo sufuria, litarudi.

Nimekawia kwenye hesabu hizi kwa makusudi. Wengi walioniuliza habari za kisa hiki walitaka kuanzia kwenye adabu. Kabla adabu haijaharibika, kijana alikuwa na njaa, jasho, na mbu. Eldoret iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini hatufiki hata 1,000, na Oktoba ni mwezi wa joto. Hakuja na chandarua, na usiku wa kwanza hakulala.

Maneno yaleyale

Siku ya kuingia, wakivutana kodi, Jirani alimwambia mama mwenye nyumba: "Mama, wacha nilipe ya miezi tatu, hiyo ingine utangoja."

Yeye anasema alikuwa anaomba. Namwamini. Katika Kiswahili cha Eldoret sentensi ile ni ya mtu mnyenyekevu anayekiri kwamba pesa haitoshi. Masikioni mwa mama wa Majengo, mtu wa miaka ishirini amemwamuru mtu wa miaka sitini na mbili kungoja. Mama akajibu, "Haya."

Hilo "haya" lilikuwa onyo, na Jirani alilisikia kama ruhusa. Nilipomweleza baadaye kwamba kuna haya ya kukubali, haya ya kushangaa, na haya ya mtu anayefunga daftari lake moyoni, aliniangalia kama ninayemfundisha uganga. "Sasa mtu atajua aje?" akauliza. Kweli, atajuaje? Kwa sauti, kwa urefu wa ile "a" ya mwisho, kwa mama kugeuka na kuanza kupanga vyombo vilivyokwisha kupangwa.

Yakafuata mengine. Kila asubuhi alimsalimia mama, "Habari ya asubuhi, mama." Hakupitisha siku. Kwao shikamoo wanaijua, wameisoma darasani, lakini haimo kwenye mdomo wa kila siku, na kijana anayemwambia mtu mzima habari ya asubuhi ameshamaliza heshima zote. Mama aliniambia, "Ananisalimia kama mimi rika lake." Wote wawili walikuwa wanaongea habari ya salamu ileile.

Kwenye bomba la maji alimwambia mpangaji mwenzake, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, "Songa kidogo nipite." Sisi tunasonga ugali, mtu husogea, tena huombwa: samahani dada, naomba kupita. Kwa muuza chai alisema "nipee chai", akaletewa ya rangi, akasema "hii si chai". Kwao chai ni ya maziwa isipotajwa vingine, kwetu ni kinyume. Muuza chai hakujua hilo. Alichosikia ni kwamba chai yake imekataliwa.

Lakini lililoumiza zaidi ni la bibi. Mtoto wa mama mwenye nyumba anaendesha bajaji na anaishi palepale na mkewe. Jioni moja Jirani alimwambia, "Nimemwachia bibi yako pesa ya maji." Mkewe alikuwa anaanua nguo hatua tatu kutoka pale. Ana miaka ishirini na sita, na ameitwa kizee mbele ya wapangaji. Jirani alipoona nyuso zimebadilika alijaribu kufafanua, akaharibu kabisa: "Si huyu hapa? Huyu si ni bibi yako?"

Hapa lazima niwe mwadilifu. Bibi kwa maana ya mke si uzushi wa Wakenya. Kamusi zetu wenyewe zinaikubali maana hiyo. Sisi ndio tuliolihamisha neno, tukampa nyanya, kisha tukawashangaa walioliacha pale lilipokuwa. Tunapenda kusema Wakenya wanaharibu Kiswahili. Mara nyingine wanakitunza tu bila kutuuliza.

Ukiyatazama haya moja moja, hakuna hata moja la kumfukuzisha mtu nyumba. Yalipokuwa yanarundikana, hakuna aliyemwambia kitu. Hiyo ndiyo sehemu aliyoshindwa kabisa kuielewa. "Kwetu landilodi akikasirika anakuja kwa mlango anapiga kelele, mnamalizana. Hawa walinyamaza tu." Yeye aliusoma ukimya kama amani. Kumbe nyumba nzima ilikuwa inamsema kwa kutosema, na kila siku aliyokaa bila kuomba radhi ilihesabiwa kuwa kiburi kipya.

Sufuria la makande

Nyumba ile ina mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa familia ya mama na vyumba vitatu vya wapangaji. Kila chumba kinachanga 2,000 kwa mwezi. Haina friji, ina taa, televisheni mbili, redio na simu za kuchaji, na kwa mwezi mzima walikuwa wanatumia uniti sitini hivi, yaani mbili kwa siku. Mama aliijua hesabu hiyo kuliko mhasibu, kwa sababu nyumba yake iko katika kundi la watumiaji wadogo la TANESCO, shirika la umeme: uniti 75 za mwezi kwa bei nafuu, na ukishavuka hapo kila uniti ya ziada inapanda bei zaidi ya mara tatu.

Sasa chukua jiko la koili la wati 1,500. Liwashe kwa muda wa saa tatu, maana mahindi makavu na maharage hayana haraka. Ni uniti nne na nusu. Sufuria moja la makande lilikula umeme wa nyumba nzima wa siku mbili na ziada. Jirani alipika sufuria kubwa kila baada ya siku mbili, na asubuhi alichemsha maji ya kuoga. Hakukuwa na uchoyo wowote pale. Alikuwa anabana matumizi, akikwepa kula mgahawani.

Nilimuuliza kama kuna mtu alimkataza koili. Hakuna. Nikawauliza wenyeji kama walimwambia. Wakasema ndiyo, walimwambia. Nikataka kujua kwa maneno gani. Mama wa mtoto mgongoni akasema, "Nilimwambia, wewe jirani unapenda kupika, eh?" Na yeye alijibu nini? "Akasema eeh, mimi napenda."

Nilicheka peke yangu njiani wakati wa kurudi, lakini ukikaa chini ukaitazama sentensi ile, kisa chote kimo. Kwa mwenyeji lile lilikuwa katazo kamili, na la ustaarabu: umepewa nafasi ya kujirekebisha bila kuaibishwa. Mmoja wetu angejibu, "Aa, samahani, nitatumia mkaa." Jirani alisikia pongezi. Walipomwomba ile 2,000 ya mchango alisita, akauliza ni ya nini, akataka kuona mita. Huko alikopanga zamani kila chumba kilikuwa na mita yake, na mtu anayekudai pesa ya umeme bila karatasi ni tapeli.

Jumanne tarehe 22 jioni taa zikazimika. Mama akatuma mtoto anunue umeme wa 5,000. Tangu mwezi uanze, kiasi hicho kilikuwa kinampa uniti arobaini hivi. Safari hii zikaja pungufu ya kumi na tano. Uniti 75 zilikuwa zimekwisha na mwezi ulikuwa bado na siku tisa. Mama aliisoma ile meseji ya simu mara mbili, akaenda kugonga mlango wa Jirani. Kwa mara ya kwanza katika siku kumi alimwambia kitu waziwazi, na kitu hicho kilikuwa: uhame.

Mtaa

Kulikuwa na sababu ya tatu, ambayo hakuna aliyeitaja mpaka nilipouliza mara ya pili. Kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba nchi nzima ilikuwa katika uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa, kwa uchaguzi wa 27 Novemba. Ni siku ambazo mtaa unajihesabu. Nani anaishi kwa nani, tangu lini, ametoka wapi. Majirani wakamuuliza mama: una Mkenya ndani, umempeleka kwa mtendaji wa mtaa? Hakuwa amempeleka, kwa sababu alikuwa anasubiri barua ya chuo, na barua ya chuo ilikuwa haijaandikwa, kwa sababu mwandikaji ni ofisi yangu.

Jirani, alipoulizwa kibali, alijibu kwamba yeye ni mtu wa Afrika Mashariki na hakihitaji. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, kilomita themanini hivi kutoka kitandani kwake, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Haya yote ni kweli. Ila muhuri aliogongewa mpakani ulikuwa wa mtembeaji, na mwanafunzi anayekaa nchini anahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C. Kuvuka bila viza ni jambo moja, kuishi ni jingine. Hilo nalo lilikuwa la kuelezwa siku ya kwanza.

Na chini ya yote kulikuwa na tope la zamani. Mama huyu alikuwa msichana wakati Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa hadi 1983. Kwao ni Himo, karibu na mpaka wa Holili. Shangazi yake alikuwa ameolewa Taveta, upande wa Kenya, na hawakuonana miaka ile yote. Anasema hana neno na Wakenya, kisha hapohapo anasema "lakini wajuaji". Neno nyang'au, yaani mnyama mlafi, ambalo vijana wa leo wanalisikia kama jina la katuni, yeye alilisikia likitumika kwa nchi nzima.

Orodha yangu

Alhamisi tarehe 17 ofisi yetu iliendesha kikao cha muda wa saa tatu kwa wanafunzi wa kigeni. Tulieleza namna ya kupanga chumba na kwa nini kodi hulipwa mbele. Tulieleza LUKU. Tulieleza kibali, chandarua, laini ya simu. Mwenzangu mmoja, mcheshi sana, akawafundisha kupiga hodi, kusema naomba badala ya nataka, kusema pole kwa mtu aliyebeba mzigo hata kama hukumtwika wewe. Walikuwepo Wajerumani wawili na Mzambia mmoja. Walicheka, wakaandika, wakanywa soda.

Orodha ya waalikwa niliiandika mimi, na ilikuwa na majina manne. La nne nikalikata kwa kalamu nyekundu, pembeni nikaandika: anajua Kiswahili.

Siku nne mfululizo baada ya kisa hiki nilijitetea moyoni. Kwamba ni kweli anajua. Kwamba ingekuwa kumdharau kumkalisha mtu mzima afundishwe kusema hodi. Utetezi huo ulivunjwa na mama mwenye nyumba bila kujua, tulipokuwa tunaongea peke yetu kibarazani. Mwaka juzi alipangisha chumba kilekile kwa msichana wa Kijerumani aliyekuwa anajitolea hospitalini. Siku ya pili msichana yule alimwita kutoka dirishani, "Wewe mama, kuja hapa!" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alilisimulia kanisani. "Sasa mwalimu, yule mzungu hajui. Huyu anajua anachosema."

Ndiyo maana nasema lugha moja ilimponza. Angekuja na Kiswahili cha kuungaunga angesamehewa, angerekebishwa kwa kicheko, angeshikwa mkono mpaka kwa mtendaji. Kwa kuwa anaongea kwa ufasaha wa kwao, kila neno lake lilichukuliwa kuwa limekusudiwa. Kosa la sarufi lina msamaha wake. Kosa la uzito wa neno linahesabiwa tabia.

Lakini simwachii Jirani atoke bila lake. Naye alikuja na kalamu yake nyekundu. Alidhani Moshi ni Eldoret yenye mlima mkubwa zaidi. Wenzake Wajerumani waliuliza kila kitu, mpaka jinsi ya kumenya embe. Yeye hakuuliza hata bei ya umeme, kwa sababu anajua umeme ni nini. Nilipomwambia hivyo alinyamaza muda, akasema, "Hiyo ni ukweli."

Alhamisi jioni

Tulikubaliana asiondoke mpaka tumekwenda Majengo pamoja. Usiku wa Jumatano alilala bwenini, kwenye kitanda cha mwanafunzi aliyekuwa bado hajafika. Mwenzangu mmoja ofisini, Mchaga wa Kibosho, alishauri tumpe kijana jani la sale akaliweke mikononi mwa mama. Kwa asiyefahamu, sale huku kwetu ni jani la kuomba msamaha. Ukilileta, mwenzako anabanwa kukusikiliza. Nilikataa. Sale huchumwa kwa jambo zito, kwa damu, kwa ndugu waliokataana. Ukilichuma kwa ajili ya koili unalipunguza, na tena ungekuwa mchezo wa kuigiza, mgeni kubeba ishara asiyoijua uzito wake wakati tatizo lenyewe lilikuwa maneno asiyojua uzito wake. Tukanunua sukari kilo mbili.

Ndani ya bajaji alikuwa anajifunza kwa sauti: shikamoo mama, samahani kwa yaliyotokea, naomba tuongee. Dereva akawa anamsahihisha. Tulipofika alisema vizuri, ila alisahau hodi, tukarudi getini kuanza upya. Nadhani hilo ndilo lililomlegeza mama, kutuona tunarudi nyuma kama watoto wa chekechea.

Tukakaa. Nikaanza hotuba niliyoiandaa, kuhusu Kiswahili cha bara la Kenya na cha kwetu, kuhusu songa na sogea, kuhusu bibi. Nilikuwa nimefika kwenye kamusi mama aliponikatiza. "Mwalimu, mimi sina shida na Kiswahili chake. Nina shida na koili."

Ilikuwa fundisho kwangu mimi. Niliyoyaona kuwa makuu yeye aliyaona nyongeza tu juu ya deni. Tukaingia kwenye hesabu. Jirani akatoa kalamu, akapiga hesabu ya wati na saa mbele ya wote, akafika mwenyewe kwenye uniti nne na nusu za sufuria moja, akashika kichwa. Akasema atalipa 8,000 kwa yaliyozidi. Mama akasema 6,000 inatosha, maana televisheni ya mwanawe nayo inawaka usiku kucha. Koili likatoka, akanunua jiko la mkaa. Barua ya utambulisho ikafika kwa mtendaji Ijumaa asubuhi, na maombi ya kibali tukayaanza siku hiyohiyo.

Tulipokuwa tunaaga, mambo ya fedha yakiwa yamekwisha, mama akamshika Jirani mkono. "Na sasa niambie, baba. Kwa nini ulikuwa huniamkii?"

Kwa hiyo lilikuwepo, ila lilikuwa na foleni yake.

Sio kila kitu kilipona. Yule mwenye bajaji alikaa mpaka Desemba bila kumsalimia, na mkewe mpaka leo, akimwona Jirani, huwaambia wapangaji wengine "kizee napita". Jirani anasema ni utani sasa. Sina hakika.

Muhula uliofuata tulipokea kijana kutoka Bukavu, Kongo, na mwenzangu wa ofisini akapinga jina lake kuwekwa kwenye kikao cha wageni. Alisema, na ana haki, kwamba Kiswahili cha kijana yule kina ladha kuliko chake. Nikapendekeza kipindi cha hodi na naomba kiendeshwe na mtu aliyeungua. Nikamwita Jirani ofisini, nikamweleza kazi.

"Na hiyo mnalipa ngapi?" akauliza.

Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, akatoka nje, akafunga mlango, akagonga.

"Hodi. Shikamoo, mwalimu. Samahani, naomba kuuliza: kuna posho?"